Nitafutie kristali ya njano

Mombasa, Jumapili usiku

Swahiba Athumani,

Assalaam aleikum. Huku sote wazima. Mama yako nilimwona sokoni, anauliza utaoa lini. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Najua nimekunyamazia mno. Leo nina shida, ndiyo maana umeniona.

Kuna gari la rimoti nimelipata kwenye mitumba: Porsche 934 ya Tamiya, wale Wajapani, toleo la 1976! Bodi imepasuka kidogo nyuma, lakini mota yazunguka, na rimoti ina kristali yake ya njano, kile kidude cha kupachika kinachoamua masafa ya redio, megahezi 27.145. Kwenye gari lenyewe, pale pa kupachika kristali, patupu. Nataka ya kupokelea, 26.690. Hizi huenda kwa pea, zikipishana kilohezi 455, kwa hiyo yoyote tu haifai.

Salim hupita dukani kila jioni kunichokoza. Kashikilia kwamba Tamiya ndio waliozusha mchezo huu. Wapi! El-Gi wa Reggio Emilia, Italia, walishaanza kuuza Ferrari 250LM ya betri mwaka 1966. Tena Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 70, waliokuwa wakitengeneza vigari vya kwenye njia za umeme waliona soko limelala, wakahamia huku: Associated, Delta, Thorp. Yao yalikuwa bamba la aluminiamu na injini ya mafuta, moshi na kelele, sebuleni huwezi kuliwasha. Hata hapo kwako Leicester, Uingereza, Mardave waliyatengeneza ya mafuta.

Salim akanyamaza, akaagiza chai. Kisha: "Lakini mimi nawajua Tamiya tu." Hapo, bwana, nilikosa jibu. Wale Tamiya walinunua Porsche 911 nzima, gari la kweli, wakaifungua vipande vipande ili watoe Porsche ya plastiki ya kuweka kabatini. Gharama ikawaelemea, wakaona waipachike mota na redio ili pesa irudi. Mwaka wa kwanza zikauzwa zaidi ya 100,000! Waliotangulia wote hawakuwahi kuota hesabu hiyo. Ila kuzusha hawakuzusha, na Salim nitamwambia tena kesho.

Turudi kwenye kristali. Rangi kuu ni sita, kila moja na masafa yake: kahawia, nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu. Enzi zile wawili wa rangi moja hawakukimbia pamoja, maana gari lako lingetii rimoti ya mwenzio. Salim ana lake la kijani, kwa hiyo mimi na yeye tutaweza kushindana, na unavyomjua akishindwa... Basi usiniletee kijani!

Masoko ya vitu vya zamani ya Jumapili bado yapo huko? Kristali moja yaweza kuwa bei gani? Mtoto wa Bi Rukia anakuja lini, na atakubali kubeba? Na wewe, ile kazi ya usiku uliiacha? Mgongo je?

Niambie bei, pesa nitampa mama yako mkononi.

Wako,
Hamadi