Salma, kitufe hicho usikiguse

Mpendwa Salma,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Umechomeka diski ya nje kwenye laptopu mpya ya Windows, diski ile ile yenye picha zako za miaka minane na video ya marehemu baba akisimulia ujana wake, na kompyuta ikakuambia uifomati kwanza, yaani uiandae upya kama diski tupu, ndipo uitumie. Ukashtuka, ukachomoa, ukaniandikia. Namshukuru Mungu kwa huko kushtuka kwako. Mafaili yako bado yamo, na ujumbe ule ukitokea tena, ghairi, kisha chomoa.

Sasa nikueleze kilichotokea. Chukulia diski ni ghala, na mlangoni pana daftari linaloonyesha kila mzigo uko rafu gani. Kompyuta haiingii ghalani kupekua, inaanza na daftari. Shida ni kwamba kila kampuni ina mwandiko wake wa daftari. Microsoft wana NTFS tangu Windows NT ya mwaka 1993. Apple walikuja na HFS+ mwaka 1998, na mwaka 2017 wakaanza kuiachia nafasi APFS. Wenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wengi wako kwenye ext4. Diski yako uliiandaa kwenye Mac, kompyuta ya Apple, kwa hiyo daftari lake ni la Apple, na Windows ya kawaida haikufundishwa kulisoma. Inapokutana na mwandiko isioujua, inakupendekezea daftari jipya. Hapo ndipo panaponiuma. Ingeandika tu "mwandiko huu siujui", watu wangapi wangebaki na picha zao! Badala yake inaweka kitufe cha kufomati pale pale ambapo mkono umeshazoea kubofya kukubali.

Mimi nilikibofya, Salma. Sijawahi kukusimulia. Ilikuwa diski yenye sauti za mama nilizorekodi miezi yake ya mwisho, pamoja na picha. Kufomati kwa haraka kunachana daftari tu, mzigo unabaki rafuni, kwa hiyo wakati ule bado ningeweza kuokoa karibu kila kitu. Lakini sikulijua hilo. Niliona diski tupu, nikadhani basi imekwisha, nikaanza kumwaga mafaili mapya humo. Hayo mapya ndiyo yaliyokaa juu ya yale ya zamani. Baadaye nilipotumia programu ya kuokoa mafaili, zilirudi picha zisizo na majina, namba tupu, na nyingine zilikuwa nusu: juu uso wa mama unaonekana vizuri, kuanzia kidevuni kwenda chini ni kijivu kitupu. Sauti zilirudi mbili tu. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu huu.

Wewe una bahati moja kubwa: Mac yako, japo kioo kimepasuka, bado inawaka. Msomaji wa daftari lako yupo. Usiwaze namna ya kuilazimisha Windows isome diski hiyo. Mwache Mac asome, kisha amkabidhi Windows mzigo mkononi.

Njia ninayoipenda ni mtandao. Unganisha kompyuta zote mbili kwenye ruta moja, kwa waya kama unao, maana Wi-Fi itakuchosha kwa mafaili makubwa. Kwenye Mac ingia kwenye mipangilio, uwashe kushiriki mafaili, na humo humo uruhusu akaunti yako ifunguliwe na kompyuta za Windows kwa nywila. Iongeze diski ya nje kwenye orodha ya vinavyoshirikiwa. Kisha kwenye Windows fungua dirisha la mafaili, na pale juu panapoandikwa njia ya folda andika mikwaju miwili ya kinyume na anwani ya IP ya ile Mac, yaani anwani yake ya namba kwenye mtandao. Itakuomba jina na nywila ya Mac. Ukishaingia utaziona folda zako zote, nawe nakili. Njia hii ni nzuri kwa sababu daftari halisafiri kabisa. Mac anasoma kwa mwandiko wake na kutuma baiti tupu, Windows anazipokea na kuziandika kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakuna anayehitaji kumwelewa mwenzake.

Njia ya pili ni diski nyingine, tupu, iliyofomatiwa kwa exFAT. Mwandiko huo Microsoft waliutoa mwaka 2006, Mac inausoma na kuuandika, na Linux nayo inao ndani ya kiini chake tangu toleo la 5.4 la mwaka 2019. Sisitizo langu liko kwenye neno "tupu". Usije ukachukua diski ile ile yenye picha ukaigeuza iwe exFAT, maana kugeuza ni kufomati. Na ukiifomatia kwenye Mac, mpangilio wa sehemu za diski uchague ule wa GUID, vinginevyo Windows inaweza kuikataa hata kama exFAT yenyewe haina kosa. Jambo jingine: exFAT haiweki kumbukumbu ya kazi iliyokatika katikati, kwa hiyo usiichomoe ghafla. Itoe kwanza kwenye kompyuta, subiri ikuruhusu, ndipo uvute waya.

Umeniuliza kuhusu ile flashi yako ya zamani. Kwa picha moja moja itafaa, kwa video ya baba haitafaa. Flashi za namna hiyo mara nyingi ziko kwenye FAT32, mwandiko mwingine wa zamani, na daftari la FAT32 limetenga biti 32 tu, yaani tarakimu 32 za 0 au 1, za kuandika ukubwa wa faili. Namba kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 4,294,967,295, yaani baiti moja pungufu ya gigabaiti 4. Video yako umesema ni gigabaiti 11. Hata flashi ingekuwa na nafasi ya gigabaiti 64 tupu, itakuambia faili ni kubwa mno, nawe utakaa ukiikodolea macho ile nafasi yote iliyobaki bila kuelewa. Na usifikirie kuipeleka diski yenye NTFS kwenye Mac ili ikapakie huko, kwani Mac peke yake inasoma NTFS lakini haiandiki. Zipo programu za kununua zinazomfundisha mmoja mwandiko wa mwenzake. Kwako sioni haja.

Sasa sikiliza hili la picha, maana najua ndilo litakalokukwaza. Kama picha zimo ndani ya ile programu ya picha ya Mac, usiburute maktaba nzima. Kwenye Mac inaonekana kama faili moja, lakini ikifika Windows inageuka folda yenye vijifolda tele, na picha humo zina majina marefu ya herufi na namba yasiyokuambia kitu. Fungua programu hiyo kwenye Mac, chagua picha zote, uzitoe kama nakala halisi ambazo hazijahaririwa, uziweke kwenye folda za kawaida. Zile ulizozihariri na kuzipenda zitoe mara ya pili kama zilivyo sasa. Itachukua muda. Iache ifanye kazi usiku.

Halafu yale majina yako ya mafaili! Wewe huwezi kulipa folda jina bila alama ya kuuliza mwishoni. Windows haikubali alama ya kuuliza kwenye jina, wala nyota, nukta pacha, alama za kunukuu, mkwaju wa aina yoyote, mstari wima au mabano yenye ncha. Ziondoe kwenye Mac kabla ya kunakili, la sivyo kazi itakatika katikati au majina yatafika yamevurugika. Ukikuta mafaili madogo yanayoanza na nukta na mstari wa chini, usihangaike nayo, ni Mac inayaacha kwenye diski za exFAT na ukishamaliza unaweza kuyafuta.

Ukimaliza kunakili, usiamini macho tu. Linganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti pande zote mbili. Kwa video ya baba nenda hatua moja zaidi. Kwenye Mac fungua dirisha la amri, andika shasum -a 256, acha nafasi, kisha buruta faili ndani na ubonyeze kuingiza. Kwenye Windows nako fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Kila upande utatoa mfuatano wa herufi na namba 64. Ikifanana yote, basi video iliyofika ndiyo iliyotoka, baiti kwa baiti. Ikitofautiana hata herufi moja, futa nakala hiyo unakili upya.

Diski ya zamani usiifomati mwezi huu wala ujao. Iandike kwa kalamu ubavuni "ya Mac, isifomatiwe", ili hata mtu mwingine akiichomeka pasipo wewe kuwepo ajue. Na ukipata diski nyingine, weka nakala ya tatu ya ile video.

Jumamosi nitakuwa na nafasi mchana kutwa. Washa kompyuta zote mbili, nipigie, tufanye pamoja nikiwa kwenye simu. Anza na picha ukitaka, ila ikifika zamu ya baba nataka nisikie sauti yake ikitoka kwenye hiyo laptopu mpya.

Wako daima,
Rehema