Malalamiko: wilikapu zilizouzwa kwa jina na mwaka usio wake

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: WILIKAPU ZA "CHEVROLET BEL AIR 1957" AMBAZO SI ZA 1957

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Niliagiza kwenu seti ya wilikapu nne, yaani vifuniko vya pambo vya magurudumu, mlizozitangaza kuwa halisi, za Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957. Mzigo ulifika salama na ulikuwa umefungwa vizuri, kwa hilo sina neno. Shida ni kilichomo ndani. Mmeniletea wilikapu za inchi 15, na Chevrolet ya 1957 inatembelea rimu za inchi 14.

Hili wala halihitaji bingwa wa magari ya kale. Chevrolet za 1955 na 1956 zilivaa tairi za 6.70-15. Za 1957 zikashushwa chini kidogo, zikavalishwa 7.50-14; namba ya mwisho ndiyo inchi za rimu. Anayeuza vifuniko vya magari ya miaka hiyo mitatu anatakiwa aanze na saizi kabla hata hajaangalia nembo, kwa sababu saizi peke yake inatenga 1957 na wenzake wawili. Rimu za gari langu ni zile zile za kiwandani, na tairi limeandikwa 14 ubavuni.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba kifuniko cha inchi 14 ukikipima kwa futi kamba lazima kizidi 14, kwa hiyo nimepima vibaya. Nusu ya maneno yake ni kweli. Rimu hupimwa pale tairi linapokaa, si kwenye mdomo wa nje, ndiyo maana kifuniko huwa kipana kuliko namba yake. Lakini mimi sikubishana na futi. Nilikipeleka kifuniko kwenye gurudumu lenyewe. Kimepita juu ya mdomo wa rimu bila kugusa popote, na ukikiachia kinadondoka. Meno ya kubana yaliyo nyuma, ambayo yanatakiwa yaume chuma kiasi kwamba kuking'oa lazima utumie bisibisi pana, yananing'inia hewani.

Na kwa kuwa nilishakigeuza, nikaangalia vizuri. Kwenye vifuniko viwili meno yamekunjwa kwa ndani kwa plaizi. Alama za plaizi bado zinang'aa katikati ya kutu ya zamani, maana yake aliyekunja hakukunja miaka mingi iliyopita. Kuna mtu alikwisha kujaribu kuvilazimisha kwenye rimu ndogo, vikamshinda, akavirudisha kwenu. Sasa niambieni: mlivipokea vikiwa na malalamiko kama haya yangu, mkavirudisha rafuni na lebo ile ile?

Kuna kifuniko cha nne pia. Kwa mbele kinafanana na wenzake, ila ni chepesi na ukingo wake umekunjwa kwa namna nyingine. Nilipoweka sumaku, kwenye vitatu haikushika, kwenye hicho ikang'ang'ania. Sisemi ni kibovu. Ninasema seti ni vitu vinne vya aina moja, na mimi nimelipia seti.

Baada ya hapo nilipitia orodha yenu yote, na nikaona hili langu si bahati mbaya. Mnatoa majina kwa kuangalia sura ya mbele tu. Kila kifuniko chenye mabawa, yaani mikono ya chuma inayotoka katikati, mnakiita Fiesta. Fiesta ni Oldsmobile ya mwaka 1953, yalitengenezwa magari 458 tu, na kifuniko chake kina mabawa matatu. Kilipendwa mno na waliokuwa wakiremba magari, hadi viwanda vingine vikatoa nakala zake tele. Chenye mabawa manne mlichokiweka chini ya jina hilo hilo ni mtindo wa Dodge Lancer. Watu wa magari ya kale wanavijua vyote viwili tangu zamani na hawavichanganyi. Bei zake zenyewe hazifanani, kwa hiyo jina mnalobandika ni pesa ya mtu.

Pabaya zaidi ni pale mlipoandika kwamba kifuniko chenye mabawa yaliyochomoza nje ni cha kiwandani, cha gari la Marekani la 1972. Tangu Januari 1968 kanuni za usalama za serikali ya Marekani zilikataza vifuniko na nati za magurudumu zenye mabawa ya aina hiyo, kwa kuhofia yasije yakamjeruhi mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa miaka ya 1990. Kwa hiyo ama mwaka mlioandika si wake, ama hakikutoka na gari hilo.

Halafu Volkswagen. Kobe (Beetle) wa kabla ya modeli ya 1966 ana kikofia cha katikati ya gurudumu chenye umbo la kuba, kimevimba kama bakuli lililofudikizwa. Kuanzia modeli ya 1966 kikawa bapa. Ninyi mna kikofia bapa mnachokiita cha 1963. Anayerekebisha gari la 1963 atakinunua kwa imani, atakivika, na kila anayezijua gari hizo atamcheka.

Sitaki kuwachosha, lakini hata maneno ya jumla mnayachanganya. Kikofia kidogo kinachofunika habu (kitovu cha gurudumu) na nati si kitu kimoja na kifuniko kizima kinachomeza rimu karibu yote, na pete ya pambo ya ukingoni ni kitu cha tatu. Kwenu vyote ni "wilikapu", na picha zenu hazina kitu cha kulinganishia ukubwa.

Ninachodai ni hiki. Nirudishieni fedha zangu zote pamoja na gharama za usafirishaji wa kuja na kurudi, kwa kuwa kosa la lebo ni lenu. Tangazo la "1957" liondoeni leo, kabla hamjamuuzia mwingine. Na kila kifuniko kipigwe picha mbele na nyuma, futi kamba ikionekana, na namba iliyogongwa kwenye chuma, kama ipo, isomeke. Wauza vipuri wa Marekani wana namba za katalogi ya Hollander zinazotofautisha mtindo mmoja na mwingine. Ziandikeni pembeni ya jina, mnunuzi ajihakikishie mwenyewe. Mkishindwa kutambua kitu, andikeni saizi yake na muundo wake, mwaka uacheni wazi. Nitanunua hivyo hivyo nikiona kinanifaa.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14 kutoka kwa mtu aliyekwisha kushika vifuniko hivi mkononi. Ule ujumbe wa kwamba "picha ni kwa ajili ya mfano tu" nimeshaupata, msiutume tena. Nimeambatisha risiti, picha za meno yaliyokunjwa, na picha ya kifuniko kikiwa juu ya rimu. Vifuniko vyote vinne viko kwenye boksi lake, tayari kuchukuliwa.

Wenu,
Mteja
(Namba ya oda iko kwenye risiti)