"Chai" si Kiarabu

Mhariri,

Napima majani mabichi ya chai huku Rungwe, na wachumaji wakishatua vikapu ubishi ni uleule: eti "chai" ni Kiarabu. Hapana! Kiarabu sanifu hakina "ch". Wao husema shai. Shina ni "cha" ya Kichina, iliyopita nchi kavu ikafika kwa Waajemi, Warusi na Waturuki ikiwa na "i" mwishoni, Wahindi nao hivyohivyo. Wareno, waliokaa Macau, pwani ya kusini ya China, wakabaki na "cha" tupu. Waholanzi walifanya biashara na watu wa Fujian, jimbo la China, wanaosema "te", wakaisambaza Ulaya. Thé ya Wafaransa ni hiyohiyo. (Chai ya rushwa tumeibuni wenyewe, tusiwasingizie Wachina.) Tafadhali wahariri, mlisahihishe hilo kwenye safu yenu ya lugha.

Mpima majani, Tukuyu