Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Kabla kihamba cha baba hakijauzwa

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA TAMKO KUHUSU TIBA YA SELI SHINA KWA WAGONJWA WA PARKINSON

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtoto wa tatu wa mzee wa miaka 71 anayeishi wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, ambaye kwa miaka tisa sasa anaugua Parkinson, maradhi ambayo majirani zetu huyaita ugonjwa wa kutetemeka. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizopeleka kwa njia ya kawaida zilipokelewa na kugongwa muhuri, na mara zote mbili nilijibiwa dirishani, kwa mdomo, kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Miezi saba imepita. Jumamosi iliyopita ukoo wetu ulikaa kikao ukaamua kuuza nusu ya kihamba cha baba ili kulipia dripu ya pili ya seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na fedha hizo zinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi huu.

Kwa asiyetoka uchaggani nitaeleza kidogo: kihamba ni shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Katika kihamba hicho ndipo alipozikwa babu yangu, kando ya migomba aliyoipanda mwenyewe, na ardhi ya namna hiyo hurithishwa, haipelekwi sokoni. Ukiona wazee wamekubali kuikata, ujue wameaminishwa kwamba wananunua uhai wa mtu.

Aliyewaaminisha ni wakala wa kliniki moja, aliyefika nyumbani na simu yenye video ya mgonjwa aliyekuwa akitetemeka na kisha akatembea wima. Dripu ya kwanza ililipiwa kwa ng'ombe wawili na akiba yote ya dada yangu. Asubuhi iliyofuata baba alifunga vifungo vya shati lake mwenyewe, vyote sita, mpaka cha shingoni, kwa vidole vilevile ambavyo siku zote huhangaika na kifungo kimoja mpaka chai inapoa. Mama alilia, nami nililia. Wiki ya tatu miguu iliganda akiwa anavuka kizingiti, akaanguka kifudifudi, na tangu siku hiyo ni mama anayemfunga vifungo. Hata hivyo, kwenye kikao lile shati ndilo lililotajwa kuwa ushahidi, na mimi niliyepinga niliulizwa mbele ya wadogo zangu kama kweli nataka baba apone.

Nataka apone, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimekaa usiku mwingi nikisoma habari za tiba hii, na wala siipingi. Ugonjwa huu huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuongoza mijongeo ya mwili, na mtu anapoanza kutetemeka sehemu kubwa ya seli hizo huwa imeshakufa. Vidonge vya levodopa hufidia upungufu huo kwa muda, lakini havirudishi kilichokufa, kwa hiyo wazo la kupanda seli mpya mahali pa zile zilizopotea lina mantiki. Katika Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, madaktari wametumia mbinu ya kurudisha seli zilizokomaa katika hali ya seli shina, iliyompa Profesa Shinya Yamanaka Tuzo ya Nobel mwaka 2012, wakatengeneza seli za dopamini kutoka kwa mtoaji mwenye afya na kuzipandikiza kwa wagonjwa saba wenye umri wa miaka 50 hadi 69. Matokeo yalitangazwa Aprili 2025: hakuna aliyepata madhara makubwa katika miaka miwili ya kufuatiliwa, na kati ya sita waliopimwa maendeleo yao, wanne walijongea vizuri zaidi hata dawa zilipokuwa zimeisha mwilini. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu, kwa furaha.

Lakini hao ni watu saba, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nao. Umuhimu wa kundi hilo ulionekana Marekani katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, ambapo kati ya wagonjwa 40 nusu walipandikizwa seli za vijusi, na nusu walitobolewa fuvu tu bila kupandikizwa chochote, wala hawakuambiwa nani amepata nini. Baada ya mwaka mmoja, kwa jinsi wagonjwa wenyewe walivyojipima, tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuwa ya kutegemewa, na baadaye baadhi ya waliopandikizwa walianza kujinyonganyonga bila hiari hata pale walipoacha dawa. Watafiti wameonyesha pia kwamba mgonjwa wa Parkinson anapotarajia nafuu, ubongo wake humwaga dopamini ya ziada hata kama alichopewa si dawa. Niliposoma hapo ndipo nilipolielewa shati la baba.

Jambo la pili, alichofanyiwa baba hakifanani hata kidogo na kilichofanyika Kyoto. Kule seli ziliingizwa kwa upasuaji ndani kabisa ya ubongo, pande zote mbili, na wagonjwa wakapewa kwa zaidi ya mwaka dawa za kushusha kinga ili miili isizikatae seli za mtu mwingine. Baba alitundikiwa chupa mkononi kwa dakika arobaini. Seli zinazoingizwa kwenye mshipa kwa sehemu kubwa hunaswa mapafuni, na hakuna ushahidi wowote kwamba hufika ubongoni zikageuka kuwa zile zilizokufa. Sijui hata ndani ya ile chupa kulikuwa na nini, maana karatasi tuliyopewa ilikuwa risiti peke yake. Na madhara si hadithi: mwaka 2015 huko Florida wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao wenyewe, kwa malipo, nao wakapoteza uwezo wa kuona.

Kwa nini wakala huyu anakaribishwa chai majumbani mwetu? Hii ni dhana yangu, lakini naamini ni kwa sababu dawa yenyewe haipatikani kwa uhakika. Levodopa ikichanganywa na karbidopa, dawa inayoisaidia kufika ubongoni, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ila sisi kuna wiki tunazunguka maduka manne ya dawa bila kuipata, na tunavikata vidonge nusu ili vifike Jumatatu. Jirani alimshauri mama achemshe mbegu za upupu. Ni kweli mbegu hizo zina levodopa, lakini nani nyumbani kwetu atapima kila mbegu ina kiasi gani? Katika wilaya hii hii ya Hai, mwaka 2005 na 2006, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000, wakakuta wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Mtu asiyejua jina la ugonjwa wake atamhoji vipi mwenye video?

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba vidonge vifike mpaka vituo vya afya, kliniki hizi zikaguliwe, na wagonjwa wetu waandikishwe ili siku majaribio ya kweli yatakapohitaji washiriki wa Afrika tusiachwe nyuma. Hayo bado nayaomba. Ila mwisho wa mwezi umekaribia, kwa hiyo naomba kwanza jambo moja: tamko, kwa Kiswahili, lenye saini yako, linalosema kwamba dripu ya seli shina haijathibitishwa kutibu Parkinson, na kwamba anayeiuza aonyeshe kibali au aache. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi nikisema, ni mtoto anayebishana na wazee. Wewe ukisema, watasikiliza.

Kikao kijacho cha ukoo ni Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, na mnunuzi ameshaalikwa. Tamko likitoka Ijumaa jioni nitalisoma mbele ya wazee kabla hajafungua mkoba wake. Nakuomba, Mheshimiwa, hata kama ni aya moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtoto wa mgonjwa,
Hai, Kilimanjaro