Barua kwa Zuhura, kuhusu harusi ya mdogo wako

Mwanangu Zuhura,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote tatu unasema huji. Harusi ya Mwanaidi ni Ijumaa ya pili baada ya Idi, nawe una "kazi ya kuandika". Utakuja lini basi, tukishaosha masufuria?

Ile insha nimeisoma. Babako angekuwa hai angeipeleka barazani akajivune nayo. Nami nimejivuna, nisiseme uongo: mtoto wa fundi cherehani anawachambua washairi akina Goethe kwa Kijerumani chao, kisha anamfasiria mamake. Lakini usidhani sikuona unakoelekea. Unasema kujiona kwao ndiko kulikowapa kalamu. Ukamsifu mmoja wao, Rilke, Februari 1922, peke yake kwenye mnara wa Muzot huko Uswisi, anamalizia tungo za Duino alizozianza miaka 10 nyuma, na soneti 55 juu yake. Haya. Mwezi Mei mwaka huohuo binti yake wa pekee, Ruth, akaolewa, na baba hakwenda. Hilo umelitia kwenye tanbihi. Harusi ya mtoto, Zuhura, kwenye tanbihi!

Aliyeninyima usingizi ni August, mwana wa Goethe. Kafia Roma mwaka 1830, na jiwe la kaburi lake halimtaji kwa jina. Limeandikwa tu Goethe mwana, aliyemtangulia babake, miaka 40. Huku kwetu mzazi ndiye anayepoteza jina. Tangu nikuzae mtaa mzima unaniita Mama Zuhura. Hata muuza vitambaa sidhani kama langu analijua. Sijawahi kulalamika. Ila wewe usiende kujifunza kwa watu waliokula majina ya watoto wao, ukaona ndiyo sanaa.

Na usinirudishie habari ya mahafali yako ya darasa la saba. Nilikuwa na magauni ya watu, Idi imekaribia. Lile la zambarau nililifumua nikalishona upya mara mbili, na mwenyewe alikuwa hajalalamika. Lilipendeza mno. Basi.

Mwanaidi anasema hana neno. Lakini kwenye orodha ya watakaolala chumbani kwake usiku wa hina jina lako hajalifuta, nami nimeogopa kumuuliza. Uje. Hayo maandishi yabebe, utaandikia huku. Chumba cha uani nimekitoa magunia, ila bati linavuja upande wa dirishani, usiweke kitanda pale.

Mchele tumeshanunua. Mbuzi mjomba wako ameahidi wawili, ukimjua mjomba wako hesabu mmoja. Luku nayo inalia, nisije nikamalizia gizani.

Kitambaa cha sare nimekukatia pamoja na wenzako. Kwenye picha naona umekonda, nitumie vipimo vya kifua na kiuno kabla ya Jumapili.

Mamako