Taarifa ya Mwenyekiti wa Bodi kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Msimu wa Korosho 2024/2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama, na vijana mliojiunga msimu huu,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi na meneja atazisoma, kwa hiyo sitazirudia. Nitakaa kwenye swali lililoulizwa sana pale ghalani: serikali inafanya nini kwenye soko letu, na gharama yake anaibeba nani?

Msimu ulikuwa wa neema. Nchi nzima ilivuna zaidi ya tani 500,000, kiasi ambacho kabla ya hapo hakikuwa kimepata kuonekana. Salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, ilisaidia sana, maana ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukiwahi maua hakuna cha kuvuna. Minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wapo wanaoyakumbuka masanduku ya zabuni yaliyokuwa yakifunguliwa mbele ya umati. Nawaelewa, ulikuwa mkutano na burudani kwa pamoja. Ila wanunuzi wanapokuwa wachache wanaofahamiana, wakikaa meza moja bei wanaipanga kabla hawajaingia ukumbini. Kwenye mfumo kila mmoja anaweka bei bila kujua mwenzake ameweka ngapi, na haki yetu ya kuikataa bei ipo palepale.

Hiyo ndiyo kazi ya serikali ninayoitetea: mizani iliyohakikiwa, ghala lenye leseni, mnada wa wazi. Stakabadhi ghalani, mfumo wa mkulima kuweka mzigo ghalani na kupewa risiti hadi uuzwe, ilipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/2008 ilikuja kupambana na kangomba, yule anayekufuata nyumbani mwezi wa njaa na kipimo chake kikubwa kuliko kilo. Haikuanza vizuri kote. Aprili 2013 kule Liwale malipo ya pili, yale ya kumalizia baada ya mzigo kuuzwa, yalipokuja pungufu, nyumba zilichomwa moto. Lakini mfumo ulirekebishwa, na leo fedha inaingia kwenye akaunti ya mkulima mwenyewe baada ya mnada.

Serikali kuwa mnunuzi ni habari nyingine. Wazee mnaijua ile ya mwanzo: msimu wa 1973/1974 nchi ilikusanya zaidi ya tani 140,000, na kufika katikati ya miaka ya themanini zilikuwa hazifiki 20,000. Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa wakaiacha mikorosho yao porini, ugonjwa ukaingia, na bei ya mamlaka ya zao haikumpa mtu hamu ya kurudi kupalilia. Ya pili tumeiona wote. Novemba 2018 wanunuzi walitoa bei ndogo, na Rais wa wakati huo, John Magufuli, akatangaza kwamba serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi libebe. Tulishangilia, na bei ilikuwa ya heshima. Kisha ukaja uhakiki wa mashamba, malipo yakachelewa, na korosho ikakaa maghalani ikisubiri mteja. Kutangaza bei ni rahisi. Korosho ukishainunua lazima umpate wa kumuuzia, na huyo yuko Vietnam na India.

Sasa tozo, na hapa naomba tusikilizane. Kwa miaka mingi ushuru wa kusafirisha korosho ghafi umekuwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kile kilicho kikubwa. Karatasi inasema analipa msafirishaji. Ni kweli, risiti ni yake. Lakini chukua kilo yenye thamani ya shilingi 4,000 melini. Ushuru ni 600, zinabaki 3,400. Humo atoe usafiri, riba ya benki na faida yake. Mnunuzi wa Vietnam hawezi kumwongezea hata senti kwa sababu ya ushuru wetu, maana Ivory Coast nao wanauza. Basi zile 600 anazipunguza wapi? Kwenye bei anayoiweka mnadani. Ushuru wa halmashauri wa asilimia 3 nao, unaosemekana ni wa mnunuzi, unapita njia hiyohiyo. Tazameni pia kile kiwango cha dola 160: bei ikishuka chini ya takriban dola 1,067 kwa tani, hicho ndicho kinachoshika, na mzigo unazidi asilimia 15 wakati ambao tuna hali mbaya zaidi.

Sisemi ushuru ufutwe. Shabaha yake ni korosho ibanguliwe hapa, na hilo nalitaka. Tuliwahi kujengewa viwanda 12, vingi vikaishia kuwa maghala. Ninachosema ni kwamba mlipaji halisi ni sisi, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza fedha imerudi kwa sura gani. Mwaka 2018 Bunge lilipoondoa ile asilimia 65 ya ushuru huu iliyokuwa ikirudi kwenye tasnia, wabunge wa kusini walipiga kelele kwa sababu hii.

Kwa upande wetu, tatizo kubwa ghalani lilikuwa unyevu. Mpimaji anachota juu, katikati na chini ya gunia, anazikata moja moja na kuhesabu mbovu. Gunia lililoanikwa juujuu linakutwa na kokwa laini chini, mzigo mzima unashuka daraja. Hapo msiilaumu serikali, laumuni turubai.

Bodi inaleta mambo mawili mpigie kura. La kwanza, tununue kipima unyevu chetu, ili mwanachama ajue hali ya mzigo wake kabla haujaenda ghala kuu. Kikomo ni asilimia 10. La pili, tukiagize chama kikuu cha ushirika kiombe, kwenye mkutano wa wadau wa tasnia, taarifa ya maandishi ya mapato na matumizi ya ushuru wa kusafirisha, mkoa kwa mkoa, na kipeleke pendekezo la kuondoa kile kiwango cha chini cha dola.

Kura ni za wanachama waliosaini daftari la mahudhurio. Ambaye bado, katibu yupo pale mlangoni.