Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nawashukuru mliofika, hasa nyinyi mliotoka Ganze na Magarini kwa nauli zenu wenyewe.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hivyo sitazirefusha. Vikao vyetu vya Jumamosi vya ushauri nasaha kwa waliofiwa viliendelea, tulikwenda matangani tulipoitwa, tulizuru shule tatu, na mafunzo ya siku mbili yalifanyika Agosti. Watu 83 walihudumiwa katika vikao 41. Mapato yalikuwa shilingi 114,900: ada 20,400, wafadhili 61,500 na harambee 33,000. Matumizi yalikuwa shilingi 110,450: nauli 47,300, nyenzo za sanaa 38,700, kodi ya ukumbi 18,000 na mengineyo 6,450. Zimebaki 4,450. Bi. Mweka Hazina anazo risiti zote, na anayetaka kuziona amwone leo.

Sasa nije kwenye hizo 38,700 za nyenzo za sanaa, kwa sababu nimesikia zinavyozungumzwa pembeni. Imesemwa kwamba mwenyekiti amechukua pesa za waliofiwa akanunua vitu vya chekechea. Imesemwa tena kwamba aliamua peke yake.

Naanza na hilo la pili. Katiba yetu inataka akidi ya theluthi moja, yaani watu 16 kati ya 46. Machi tulikuja 14. Juni tulikuja 11. Septemba tulikuja 9, na wawili waliondoka kabla ya chai. Hoja ya kutumia sanaa katika ushauri nasaha ilikuwa kwenye ajenda mara zote tatu. Nilipoona Juni imeshindikana, niliipeleka kwa kamati, na watano kati ya saba wakaikubali. Katiba inairuhusu kamati kutumia hadi shilingi 40,000 bila mkutano mkuu. Anayesema kiasi kilipangwa makusudi kisifike hapo, aje ahesabu mwenyewe bei ya makaratasi ya manila, kalamu za nta, rangi za maji, gundi, mikasi na magunia mawili ya udongo. Udongo nilikwenda kuuchagua mwenyewe, na nauli ya safari hiyo sikuidai.

Kwa nini nililisukuma jambo hili? Tangu 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge hadi kufa, wamekuja kwetu watu wenye msiba usio na matanga. Miili ya kwanza ilikabidhiwa jamaa zao Machi mwaka huu, baada ya vipimo vya DNA. Wengine hadi leo hawana kaburi la kuzuru. Mtu wa namna hiyo unamkaribisha, unamuuliza anaendeleaje, anakujibu "ni sawa tu," anatazama mlango, na saa inakwisha. Nimekaa kwenye viti hivyo miaka kumi na moja. Wengi wenu pia mmekaa, na mnajua kwamba maswali yetu yalikuwa yamegonga ukuta.

Nitawapa mfano mmoja, kwa idhini ya mwenyewe na bila jina. Mzee mmoja alifiwa na mkewe, aliyekuwa akiuza mahamri. Vikao vinne hakusema zaidi ya salamu. Cha tano tukaweka udongo mezani, bonge moja mbele ya kila mtu, bila amri. Kwa nusu saa aliukanda tu. Kisha akaanza kuufinyanga, akauwekea miguu, na mwisho akavuta ulimi mwembamba mbele na kuutia meno kwa ukucha wa kidole gumba. Mshauri aliyekuwa naye akasema, "Kigoda kizuri, mzee." Akatikisa kichwa. "Hii ni mbuzi ya kukunia nazi." Ndipo akaeleza: kila usiku baada ya isha mkewe alikuna nazi ya mahamri ya kesho, naye alilala kwa sauti ile. Tangu azikwe, hajalala. Alizungumza hadi ukumbi ukafungwa.

Nawaomba mkiangalie hapo kile kigoda. Mshauri hafasiri kazi ya mtu. Tulifundishwa kusema "nieleze hiki ulichotengeneza," halafu kunyamaza. Aliyefiwa ndiye anayejua maana ya kitu chake.

Lipo kosa tulilofanya, na lazima nilitaje. Wiki ya kwanza tulimpa rangi za maji binti aliyefiwa siku chache tu kabla. Rangi zikatiririka, zikachanganyika, karatasi ikaloa, na yeye akazidiwa kabisa. Nyenzo za majimaji hufungua mtu haraka kuliko anavyoweza kujizuia. Siku hizi msiba ukiwa mbichi tunaanza na kalamu au kukata na kubandika, kisha udongo. Rangi za maji zinangoja. Na anayeonyesha dalili nzito tunampa rufaa hospitalini. Sisi si wataalamu wa tiba ya sanaa, na sitaki mwanachama yeyote ajiite hivyo.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu, nawasikia. Jina la tiba ya sanaa lilitoka kwao kweli: mchoraji Mwingereza Adrian Hill alilitumia mwaka 1942, baada ya kuona kuchora kulivyomfaa yeye na wenzake waliougua kifua kikuu. Lakini vigango vilitoka wapi? Mwanachama wa Gohu, kile chama cha wazee wenye heshima, akifa, Wagiriama humchongea mti wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu, ukasimamishwa ili jamaa wawe na pa kusimama. Vilipoibwa na kuuzwa hadi makumbusho ya Marekani, wenyewe walividai, na baadhi vimerudi. Na Uganda, miaka ya 1990, kina mama walioishi na virusi vya Ukimwi waliwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye picha na habari za ukoo. Hakuna aliyewaambia wanacheza.

Ndugu Waislamu waliuliza kuhusu kuchora viumbe wenye roho. Lilikuwa swali la haki, na hakuna anayeombwa kuchora mtu wala mnyama. Zipo nakshi, zipo rangi tupu, vipo vipande vya leso za marehemu.

Kuhusu ada, naumia kusema. Wanachama 17 wamelipa shilingi 1,200 za mwaka. Wengine 29 wanadaiwa jumla ya 34,800, kiasi kinachokaribia nyenzo zote zinazolalamikiwa. Kati ya waliopinga kwa sauti kubwa zaidi, nimehesabu saba wasiolipa na wasiofika. Ukumbi wa awali tulinyang'anywa kwa taarifa ya siku moja, na nilikodi mwingine kwa simu yangu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mkufunzi mwenye stashahada ya fani hii, kufika shule nyingine, na kuwa na kabati la kufungia kazi za watu. Kwa sasa zimo chumbani kwangu, ndani ya sanduku la bati, na ile mbuzi nimeifunga kwa taulo isipasuke.

Nimehesabu waliomo ukumbini: ni 19. Akidi imetimia. Naomba hoja ya kuridhia matumizi hayo ipigiwe kura sasa, kabla ya chai.

Mwenyekiti